Ukurasa Mmoja Kabla ya Swali la Kwanza

Wenzangu wa lugha za Kiafrika, tumeshaacha kubishana kama tutumie akili mnemba au tusitumie. Tunaitumia. Anayebisha apite jioni hapa Makiso, mahali popote karibu na kitivo ambapo mtandao unashika, ahesabu simu ngapi zimefunguliwa kwenye mashine ya kujibu maswali. Kuna anayetafsiri makala ya Kiingereza kwenda Kifaransa, kuna anayepanga sura za TFC yake, kuna anayechambua sentensi alizorekodi sokoni. Swali lililobaki ni namna ya kuitumia, na hapo ndipo nina neno la kusema.

Neno lenyewe ni hili: kazi ya mwanaisimu na mashine hii haifai kuanza kwa swali. Ianze kwa ukurasa mmoja ulioandikwa mapema, unaoeleza mradi ni upi, lugha ni ipi, tumekubaliana nini na tumefika wapi. Ukurasa huo uwekwe mwanzoni mwa kila kikao, kwa muda usiozidi dakika moja, kisha kazi iendelee. Anayefanya hivyo ataokoa mega alizonunua kwa fedha ya toleka, na ataokoa betri. Lakini siandiki makala haya kwa ajili ya mega. Naandika kwa sababu, katika fani yetu, asiyefanya hivyo anaweza kuwasilisha mbele ya jopo data za lugha ambayo hakuna mtu anayeizungumza.

Meza tupu

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatulizingatii. Mashine hizi hazikumbuki kama mtu anavyokumbuka. Kitivoni, asistanti ni binadamu: ulimwachia kazi yako mezani mwezi wa tatu, ukirudi mwezi wa tano atakuuliza kama umerekebisha sura ya pili. Msaidizi wa kwenye simu si hivyo. Anachojua kuhusu mradi wako ni kile tu kilichoandikwa ndani ya mazungumzo yaliyo wazi wakati huo. Nafasi hiyo ina mipaka, na hupimwa kwa vipande vidogo vya maandishi viitwavyo tokeni. Ukifungua mazungumzo mapya, meza ni tupu. Baadhi ya programu siku hizi hutunza kumbukumbu fulani za mtumiaji au humruhusu kuweka faili za mradi mahali pamoja, na nitarudi kwenye hizo. Lakini kwa mwanafunzi anayetumia toleo la bure, na anayehama programu moja kwenda nyingine kila anapofikia kikomo cha siku, hali ya kawaida ni meza tupu.

Matokeo yake tunayaona kila siku. Mtu anaanza kikao kwa kueleza: ninachambua Kiswahili, hapana, si kile cha Tanzania, hapana, usisahihishe, hapana, hiyo ni Lingala, iache ilivyo. Anaeleza kidogo kidogo, kila kosa la mashine likimkumbusha jambo ambalo hakulitaja. Mashine inapoanza kushika, umeme umekatika. Kesho anaanza upya. Na kwa kuwa anaeleza kwa kichwa, leo anasema hivi na kesho anasema vile, hata sentensi za mwanzo wa kazi zinachambuliwa kwa kanuni moja na za mwisho kwa kanuni nyingine.

Pengo halibaki wazi

Kuchelewa tungeweza kuvumilia. Hatari kubwa zaidi ni kwamba mashine isipoambiwa kitu, hainyamazi. Inajaza pengo kwa kile ilichosoma kwa wingi, na ilichosoma kwa wingi chini ya jina la Kiswahili si Kiswahili cha hapa.

Sababu ni ya kihistoria na tumeisoma darasani. Kiswahili kilifika kwenye maporomoko haya pamoja na misafara ya watu wa pwani, na mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold II. Lugha ilibaki mjini, ikakutana na Kilokele, Kigenya, Kikumu, kisha Lingala na Kifaransa, ikashika njia yake. Upande wa bahari ilishika njia nyingine. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Vitabu, magazeti, na baadaye kurasa za intaneti, kwa sehemu kubwa viliandikwa kwa Kiswahili hicho. Mashine imejifunza humo, na haina kosa kwa hilo. Kosa ni la anayeitumia kana kwamba imekulia Mangobo.

Chukua sentensi ya kawaida kabisa ya mjini kwetu: «Batoto banasomaka kitabu ya mwalimu.» Iweke mbele ya mashine bila maelezo yoyote, uombe uchambuzi wa mofimu. Mimi nimeshaona ikirudi hivi: «Watoto husoma kitabu cha mwalimu», na baada ya hapo uchambuzi mzuri, wenye jedwali, wa sentensi hiyo ya pili. Angalia kilichopotea. Kiambishi ba- cha ngeli ya 2 kimegeuzwa wa-. Kiambishi -ak-, kinachokaa kabla ya irabu ya mwisho na kuonyesha tendo la desturi, kimefutwa na mahali pake pakawekwa hu-, ambacho si cha msemaji. Upatanisho wa «kitabu ya», ambao ni ushahidi wa jinsi ngeli zinavyopungua katika Kiswahili cha Kongo, umenyooshwa ukawa «kitabu cha». Katika sentensi ya maneno matano, mambo matatu ambayo mtu angeweza kuyaandikia TFC nzima yameondoka, na yameondoka kwa adabu, bila kelele, pamoja na maneno ya kukupongeza kwa swali zuri.

Kwa mwalimu wa lugha anayefundisha insha, hayo ni masahihisho. Kwa mwanaisimu ni kuharibiwa kwa data. Mama aliyerekodiwa akiuza samaki anatoka kwenye karatasi akizungumza kama mtangazaji wa redio wa Dar es Salaam. Na asiyejua kwamba sauti ilisema vingine hatagundua, kwa sababu sentensi iliyosahihishwa inapendeza kuliko ya kweli.

Hali ya lugha nyingine za jimbo letu ni ngumu zaidi. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wa kutafsiri lugha 200. Lugha nne za taifa za Kongo zimo: Lingala, Kiswahili, Kikongo na Tshiluba. Kilokele, Kikumu, Kimbole na Kitopoke hazimo. Lugha ambayo mashine haikuisoma, kitu pekee ambacho mashine inaweza kukijua juu yake kwa uhakika ni kile unachoiwekea mezani. Usipoweka kitu, itaazima Lingala, au itatunga maneno yanayofanana na Kibantu, na itayaandika bila kusita.

Wapiga ngoma wa Yakusu

Watu wa mto huu hawapaswi kushangazwa na tatizo hili. Mwaka 1949 John Carrington, mmisionari Mbaptisti aliyefanya kazi Yakusu, chini kidogo ya mji wetu, alichapisha kitabu kiitwacho Talking Drums of Africa kuhusu ngoma za Walokele. Alieleza jambo ambalo wenye ngoma walilijua siku zote. Ngoma ya mbao ina sauti mbili, ya juu na ya chini, na sauti hizo hufuata toni za lugha. Konsonanti na irabu hazipiti. Kwa hiyo neno la mwezi na neno la kuku, ambayo yote yana toni mbili za juu, yanasikika sawasawa. Mpigaji hawezi kupiga neno peke yake. Analifunga na fungu la maneno lililozoeleka: mwezi ni ule unaoitazama nchi kutoka juu, kuku ni yule mdogo wa mlio wa kiokio. Na kabla ya habari yenyewe kuna wito, kuna kutaja anayeitwa na anayeita. Jina la mtu kwenye ngoma hubeba jina lake, la baba yake na la kijiji cha mama yake.

Mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, 1948, Claude Shannon alichapisha Marekani nadharia yake ya hisabati ya mawasiliano, iliyoonyesha kwamba ujumbe unaopita kwenye njia yenye kelele unahitaji maneno ya ziada ili ufike salama. James Gleick, alipoandika historia ya habari mwaka 2011, sura yake ya kwanza aliianza kwa ngoma hizi za Carrington. Sidai kwamba ngoma ni kompyuta. Ninachosema ni kwamba mpigaji wa Yakusu alitumia maneno mengi kwa makusudi, kwa kuwa alijua msikilizaji aliye ng'ambo ya mto hamwoni uso wala haoni anachokionyesha kwa kidole. Sisi tunaandika maneno manne kwa mashine isiyotujua, kisha tunalalamika kwamba haikuelewa.

Nini kiwe ndani ya ukurasa

Sasa tuje kwenye kazi. Ukurasa ninaoutumia kwa Kiswahili cha Kisangani una sehemu sita, na nazieleza hapa ili anayetaka azichukue na kuzibadilisha.

Ya kwanza ni lugha na mahali. Mistari mitatu inatosha: lugha hii ni Kiswahili kinachozungumzwa Kisangani, jimbo la Tshopo, Kongo, si Kiswahili sanifu, Lingala na Kifaransa huingia ndani ya sentensi moja, na maneno hayo yawekewe alama, yasiondolewe.

Ya pili ni sheria ya kutogusa. Nimeiandika hivi: «Mstari wa kwanza ni maneno ya msemaji kama yalivyosikika. Usiubadilishe hata herufi moja. Ukishuku kosa, andika swali chini yake.» Kama ningeruhusiwa kubaki na sehemu moja tu, ningebaki na hii.

Ya tatu ni maamuzi yetu. Hapa ndipo mwanafunzi anapotakiwa kutoa jasho. Vifupisho ni vya kanuni za Leipzig au ni vya mwalimu wako? Kiambishi -ak- utakiita cha desturi au cha tendo lisilokamilika? Utaandika «mutoto» au «mtoto»? Kama lugha yako inatofautisha ɛ na e, ɔ na o, utazitofautisha kwenye maandishi? Toni utaweka zote, au zile za juu peke yake? Kila jibu ni mstari mmoja. Sababu zake ziko kwenye TFC yako. Mashine inahitaji uamuzi.

Ya nne ni mifano. Weka sentensi tano hadi kumi ulizozichambua mwenyewe na kuzihakiki na msemaji, zenye mistari yake mitatu: maneno, mofimu, tafsiri. Chagua zile zinazobeba mambo ambayo mashine hupenda kuyanyoosha. Sentensi ya batoto hapo juu ni ya kwanza kwenye orodha yangu.

Usidhani mifano ni mapambo. Mwaka 2023 watafiti walitengeneza jaribio la kuona kama mashine inaweza kutafsiri Kikalamang, lugha ya Papua ya Indonesia yenye wasemaji wasiofika 200, kwa kuwekewa kitabu kimoja cha sarufi. Mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam wakauliza swali la pili: ni sehemu gani ya kitabu hicho inayosaidia? Wakakuta kwamba katika kutafsiri, karibu faida yote ilitoka kwenye sentensi za mfano zilizoambatana na tafsiri zake, na maelezo marefu ya sarufi yaliongeza kidogo sana. Katika kazi za kiisimu kama uchambuzi wa mofimu, muhtasari wa sifa za lugha ulikuwa na nafasi yake. Kwetu somo ni wazi: maelezo mafupi, mifano ya kutosha. Anayebandika sura nzima ya nadharia kutoka kwenye kazi yake anaichosha mashine na kuchoma mega bure.

Ya tano ni hali ya kazi: rekodi zipi zimekwisha, ipi iko mkononi, maswali gani hayajapata jibu. Ya sita ni ombi dogo la mwisho: «Kabla ya kuanza, nirudishie kwa maneno yako mambo matatu utakayoyafuata, na jambo usilolijua sema hulijui.» Jibu lake linakuonyesha mara moja kama ukurasa umesomeka. Ikikurudishia kwamba itarekebisha tahajia, umeiwahi kabla haijagusa sentensi hata moja.

Kwa nini ukurasa mmoja, na si ishirini? Kuna sababu mbili. Kwanza, mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba mashine nyingi, zikipewa maandishi marefu, hutumia vizuri zaidi habari iliyo mwanzoni na mwishoni kuliko ile iliyofichwa katikati. Sheria yako ya kutogusa ikikaa ukurasa wa kumi na moja, ni kama haipo. Pili, tokeni hazigawanywi kwa haki. Mwaka huohuo tafiti zilionyesha kwamba habari ileile hukatwa vipande vingi zaidi ikiandikwa kwa lugha yenye maandishi machache kuliko ikiandikwa kwa Kiingereza. Neno refu la Kibantu lenye alama za toni hula nafasi kubwa ya meza. Kwa hiyo maelekezo nayaandika kwa Kifaransa, na mifano inabaki kwa lugha yake.

Haraka inapatikana wapi? Kwenye matayarisho. Ukurasa ni faili la maandishi matupu, lisilo na rangi wala jedwali, lililo kwenye simu, na nakala moja nimejitumia mwenyewe WhatsApp. Kikao kikianza: nakili, bandika, soma jibu, endelea. Kikao kikiisha, naiomba mashine iorodheshe maamuzi tuliyofikia, naisoma orodha, nafuta yasiyo ya kweli, na yaliyobaki nayaingiza kwenye sehemu ya tatu na ya tano pamoja na tarehe. Ukurasa usioguswa mwezi mzima unaanza kusema uongo kuhusu mradi wako.

Wanaopinga

Nimesikia pingamizi nne, na hakuna hata moja ya kudharau.

Wa kwanza husema: programu mpya zina kumbukumbu, kazi hii itakufa yenyewe. Mwenye programu hiyo aweke ukurasa huuhuu ndani yake. Waandishi wa programu za kompyuta wenyewe hufanya hivyo, wakiweka kwenye kabrasha la mradi faili la maelekezo ambalo msaidizi hulisoma kwanza. Lakini kumbukumbu ambayo mashine imejichagulia si sawa na ukurasa ulioukagua. Na ukurasa ni mali yako: ukibadilisha simu au programu, unaondoka nao.

Wa pili ni walimu wetu wanaosema tunafundishana uvivu. Kwa heshima zote, naona kinyume chake. Asiyejua mradi wake hawezi kuandika ukurasa huu. Mtu anaweza kuzunguka miezi sita bila kuamua -ak- ni nini, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kuandika mstari mmoja juu yake. Isitoshe, ni wao waliotufundisha mwaka wa kwanza kwamba daftari la uwandani huanza kwa msemaji, mahali, tarehe na alama zitakazotumika. Ukurasa huu ni mtoto wa daftari lile.

Wa tatu huuliza kuhusu siri za watu, na hapa nakubaliana naye kabisa. Mashine ni nyumba ya mtu mwingine. Jina la msemaji halimo kwenye ukurasa wangu. Kuna «Msemaji A, mwanamke, Mangobo». Mtu ambaye hakukubali maneno yake yaende nje ya daftari, maneno yake hayaendi. Habari za jando, za uganga, za ugomvi wa ukoo zinachambuliwa kwa kalamu, hata kama kalamu ni ya polepole. Mwenye haraka kuliko ruhusa aliyopewa na wazee atafungiwa mlango kijijini, na atakayefuata baada yake pia.

Wa nne husema ukurasa mzuri utatufanya tuiamini mashine kupita kiasi. Hatari hiyo ipo. Ukurasa haufundishi lugha, unapunguza kubahatisha. Katika vikao virefu nimeona ba- ikianza tena kugeuka wa- baada ya sentensi nyingi, maelekezo ya mwanzo yakiwa yameachwa mbali. Dawa ni kuubandika tena katikati ya safari, na kurudi kwenye sauti kila mara. Hakuna ukurasa utakaochukua nafasi ya kumpelekea msemaji sentensi yake na kumwuliza: mama, hivi ndivyo ulivyosema?

Kwa idara yetu

Mtu mmoja mwenye ukurasa wake ni nafuu kwake mwenyewe. Mimi naomba zaidi ya hapo, na naomba mambo matatu.

La kwanza: idara iwe na ukurasa wa pamoja kwa kila lugha inayochunguzwa hapa, Kiswahili cha Kisangani, Kilokele, Kikumu, Kigenya, Kitopoke na nyinginezo. Uandikwe na wanafunzi wanaoifanyia kazi lugha hiyo, ujadiliwe na profesa, upewe tarehe, na mkubwa amwachie mdogo wake anapomaliza masomo. Leo kila mmoja anaanza sifuri. Mmoja ameandika mu-, mwenzake m-, wa tatu ameziandika zote mbili kwenye kazi moja. Data hizo haziwezi kuunganishwa, na kila mwaka tunarudi kijijini kuwachosha wazee walewale kwa maswali yaleyale. Ukurasa wa pamoja ungetufaa hata kama akili mnemba isingekuwepo. Yenyewe imetuonyesha tu kwamba tulikuwa hatuna.

La pili: anayetumia mashine kwenye TFC aambatanishe ukurasa wake nyuma ya kazi. Hivi sasa tuna chaguo mbili mbaya, kukataza kitu ambacho kila mtu anafanya, au kunyamaza. Jopo likiuona ukurasa litajua mashine iliambiwa nini, na litaweza kuuliza swali la maana: kwa nini umeamua -ak- ni ya desturi? Hilo ni swali la isimu, na mwanafunzi atalijibu au hatalijibu. Linapima mengi kuliko kiapo cha «sikutumia».

La tatu ni dogo: saa mbili katika somo la mbinu za utafiti. Saa ya kwanza kila mtu aandike ukurasa wa mradi wake. Saa ya pili abadilishane na jirani yake, na jirani achambue sentensi tatu kwa kufuata ukurasa huo peke yake. Jirani akishindwa, mashine nayo itashindwa, na huenda wewe mwenyewe utashindwa mwakani ukifungua faili zako.

Tufikirie watakaosoma kazi zetu miaka thelathini ijayo. Rekodi za sauti nyingi zitakuwa zimepotea pamoja na simu zilizozibeba. Yatakayobaki ni maandishi. Mtu atafungua TFC ya leo kutafuta watu wa Kisangani walivyozungumza. Kama kila batoto imegeuzwa watoto na kila «kitabu ya» imenyooshwa, ataandika kwamba mji huu ulizungumza Kiswahili cha pwani, na atakuwa na ushahidi wenye saini zetu. Na mashine za wakati huo zitajifunza kwenye maandishi hayohayo.

Tuanze muhula huu, na Kiswahili cha Kisangani. Rasimu ya ukurasa ninayo, mistari arobaini na mbili, na mikononi mwangu peke yangu haitoshi. Sina uhakika na ɛ na ɔ kwenye maneno yaliyotoka Lingala, na anayesoma kazi za vijana wa Kabondo atakuwa na mifano ya -ak- mizuri kuliko yangu. Mwenye kalamu nyekundu aje nayo.